Mkaja Ukutani

Mkunazini, Unguja
12 Oktoba 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai karatasi hii itakufikia ukiwa mzima, macho hayakuumi kwa cherehani, na joto la Maskati limeanza kukuonea huruma. Huku sote wazima. Mama Mkubwa Mwatum yuko Kiwengwa na mwani wake, na mwani wa safari hii umekubali. Mkwe wangu mzima. Wifi yangu Shemsa mzima, na mdomo wake mzima zaidi.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Nitakwambia sababu, lakini kwanza niache niseme la moyoni: nimeolewa, mama. Najua unajua, ulipiga siku ile tukasikilizana kwa tabu na vigelegele vya watu. Lakini mimi kila nikiamka nalisema upya, nimeolewa, na Nadir yuko hapa ubavuni mwangu, amelala na kiganja chini ya shavu, na shati lake linanukia udi nilioufukiza mwenyewe. Akitoka kwenda kazini napanda ghorofani, namwangalia dirishani mpaka akate kona ya msikiti. Kisha nashuka. Kisha napanda tena, huenda amesahau kitu akarudi. Shemsa ananiambia, "Wewe mwali, ngazi za nyumba hii zina umri kumshinda bibi yangu, zitakufia miguuni. Kaa kitako." Nakaa, lakini sikai. Furaha hii mama haikaliki.

Sasa sababu ya barua. Nadir ni fundi katika nyumba ya sanaa ya chuo kikuu, kwenye ghorofa moja ya zamani kule Malindi. Yeye ndiye anayetengeneza fremu na makabati ya vioo, na kutundika picha na kuzipima kwa uzi mpaka zikae sawa. Mwezi ujao wanafungua maonesho yanayoitwa "Aliyekwenda, Aliyebaki". Ni habari za watu kuhama: waliotoka Unguja kwenda Uarabuni na Ulaya, na waliokuja Unguja kutoka bara, Hadhramaut na Bara Hindi. Mkuu wa pale, Bi Ulfat, hataki picha za kuchora peke yake. Anataka vitu vya majumbani mwa watu. Tena ameweka meza yenye karatasi na kalamu, ili kila mwenye mtu wake mbali akae amwandikie kwa mkono. Mimi nimekaa kwenye meza hiyo sasa hivi. Nadir yuko mbele yangu juu ya ngazi, ana misumari mdomoni, na kila nikiinua kichwa ananikonyeza, ndiyo maana mwandiko huu unakwenda upande. Atakayekuletea ni Mzee Ubwa, yule anayekwenda na kurudi na mizigo ya watu.

Nimeipenda barua kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tunaulizana hali tu, kisha unasema, "Haya mwanangu, tutazungumza," na hatuzungumzi.

Kuna jambo la harusi sikukueleza. Watu wa Nadir walipoleta vitu, ndani ya sinia mlikuwamo na mkaja, ile nguo ya mama wa bibi harusi, ukumbusho wa nguo aliyojifunga tumboni baada ya kumzaa huyo binti. Ni hariri ya rangi ya zafarani, ina ukingo wa zari. Wanawake walikuwa wanangoja Mama Mkubwa aufunge kiunoni acheze nao, kama ilivyo ada. Mimi niko ndani na mtandio usoni, nikasema kwa sauti, "Huo ni wa mama yangu, uwekwe mpaka aje." Mama Mkubwa akasema, "Haya, uwekwe." Akaukunja, akautia mkobani. Kisha watu wakapiga vigelegele, wakasema mtoto huyu ana mapenzi na mama yake.

Bi Ulfat aliposikia kisa hiki alisema hicho ndicho kitu anachokitafuta. Basi nimewapa mkaja wako. Nadir ameutengenezea kabati la kioo la kutundikwa ukutani, karibu na dirisha, kazi nzuri utadhani ya kuwekea dhahabu. Ufunguzi ni Jumamosi, tarehe 23 Novemba. Njoo mama. Njoo uutoe ukutani kwa mkono wako, uufunge, ucheze. Kama Novemba ni karibu mno, njoo Rajabu kama ulivyoahidi. Nilikuwa na miaka tisa ulipoondoka. Sasa mimi ni mke wa mtu, na nataka uone ngazi zangu na dirisha langu na mume wangu.

Mwanao,
Salhiya


Maskati
9 Novemba 2024

Binti yangu Salhiya,

Marahaba. Barua yako nimeipata, ilinukia papa mkavu, nadhani Ubwa aliifunga na vifurushi vya watu. Mimi mzima. Macho yanauma kidogo, si ya kulalamikia. Abaya za kushona ni nyingi majira haya. Sumaiya yuko darasa la tatu sasa, na kila siku ana lake, leo kapoteza kifutio, kesho kagombana na mwenzake. Tunamshukuru Mungu.

Nimefurahi kwa mumeo. Ila usimchungulie dirishani kila siku, mwanamme akijua anachunguliwa huvimba kichwa. Na usimpikie kila unachokijua mwezi wa kwanza. Bakisha.

Nilipofika hapo pa mkaja niliiweka barua chini, nikaenda kunywa maji. Nikarudi nikasoma tena. Sikutegemea kwamba mtu angenikumbuka siku hiyo kwa jambo kama hilo. Basi, nisiseme mengi. Mungu akupe kheri.

Nna maneno mawili. Picha yangu usiwape, wala jina langu lisiandikwe pale. Andika "mama" tu, inatosha. Watu wa huku huja Unguja kutembea, na habari hazihitaji pasipoti. La pili, Dada alisema "Haya, uwekwe" tu? Hakusema jengine? Alikuwa amekaa au amesimama?

Novemba haiwezekani. Rajabu tutatazama.

Nimempa Ubwa udi na halua. Halua ni yako, usiiache mezani kama huyo wifi yako ndivyo ulivyomsimulia.

Mama yako


Mkunazini
26 Novemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Udi umefika na halua imefika. Shemsa alikula robo yake kabla sijaifungua vizuri, anasema alikuwa anaonja kama haikuharibika njiani. Mkwe wangu anakusalimu sana. Paa linavuja upande wa jikoni, tumeweka ndoo.

Ufunguzi umepita, na mimi mpaka leo miguu haijarudi chini. Nadir alivaa kanzu niliyoipiga pasi mara mbili. Nilimwona katikati ya watu, anamwonyesha mzee mmoja njia, nikasahau kwamba tumeshaoana, nikaona haya kama siku aliyokuja kwetu kuposa. Ukumbi ulijaa mpaka barazani. Kuna sanduku la bati la mtu aliyekuja kutoka Tabora kufanya kazi kwenye mikarafuu. Kuna patasi za mchongaji wa Kimakonde, zimeletwa na mjukuu wake. Kuna picha kubwa aliyochora mwanafunzi wa chuo, kiwanja cha ndege kimejaa viatu bila ya watu. Na kuna mkaja wako, mama, umetandazwa nyuma ya kioo, zari inameta. Chini yake kuna kibao nilichokiandika kwa mkono wangu: "Mkaja wa mama wa bibi harusi. Mama yuko Maskati. Nguo haijafungwa. Inamngoja mwenyewe." Jina sikuweka, kama ulivyotaka. Watu walisimama pale kuliko mahali pengine popote. Kuna bibi alijifuta machoni kwa ncha ya buibui.

Mama Mkubwa alikuja, peke yake kutoka Kiwengwa, amevaa buibui jipya na viatu vya kufunika. Nikamshika mkono nikampeleka moja kwa moja. Unajua anavyosoma, taratibu, midomo inatembea. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu akasoma tena.

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Hati yako imetulia siku hizi," akasema.

Nilifurahi, maana aliyenisimamia skuli ni yeye. Kulikuwa na sambusa, katlesi, mkate wa kumimina. Nikamwambia akae ale. Akasema lazima awahi, maji ya mwani hayamngoji mtu. Nikamsindikiza mpaka nje. Baadaye Nadir, ambaye amezaliwa mjini na hajui lolote la pwani, akaniuliza, "Hivi bamvua ni wiki hii?" Nikahesabu mwezi. Maji yalikuwa mafu, mama. Siku hizo bahari haitoki mbali, hakuna mtu anayeshuka kwenye mwani. Labda alichoka na watu.

Uliniuliza siku ya harusi alikuwa amekaa au amesimama. Alikuwa amesimama, katikati ya wanawake, mikono tayari iko kiunoni. Kwa nini unauliza?

Nisalimie Sumaiya. Ni mtoto wa tajiri wako? Mwambie nampenda bila ya kumjua, kwa vile anakuchangamsha.

Mwanao,
Salhiya


Mkunazini
5 Januari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Sina jibu lako na tayari naandika tena. Mzee Ubwa ameapa kwamba barua alikupa mkononi. Rajabu imeingia. Nimekutandikia chumba cha juu. Nikatandua, nikatandika kwa shuka nyengine, ile ya kwanza ilikuwa na maua makubwa mno. Nadir anasema mama akija hatolala kwa kuogopa kukunja shuka.

Huku wazima, ila Mama Mkubwa simpati. Napiga simu, anapokea Bashira, jirani yake, anasema Mwatum yuko pwani. Asubuhi yuko pwani, alasiri yuko pwani, Ijumaa yuko pwani. Tangu niolewe alikuwa akiniletea kwa gari la Kiwengwa mara ndizi, mara pweza mkavu, mara kikapu kitupu tu nimrudishie na kitu. Sasa haji mtu na kikapu.

Juzi kulikuwa na mazungumzo pale nyumba ya sanaa. Kila mwenye kitu chake ukutani anasimama anakieleza. Alisimama mtu anaitwa Gharib, mtunza bustani wa hoteli, amekuja kutoka bara zamani. Akasema watu wakimwuliza kwao wapi huwaonyesha minazi aliyoipanda kwa mkono wake, kwa sababu imeshamzidi urefu. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikasimama mimi. Nilizungumza vizuri mama, nilieleza harusi yangu yote, hata nguo niliyovaa, mpaka Bi Ulfat akanionyesha saa. Halafu bibi mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha kidole.

"Bibi harusi, huyo mama yako alikwenda zamani. Nani alikusuka nywele za kwendea skuli?"

"Mama yangu mkubwa."

"Yuko hapa leo?"

"Hayupo."

"Alaa," akasema, akashusha kidole.

Na mimi tangu siku hiyo nasikia "alaa" hiyo nikiwa nakosha vyombo.

Njiani Nadir akaniambia, "Tuutoe, Salhiya. Tumpelekee Mama Mkubwa nguo yake." Nikamwambia nguo si yake. Nikamwambia yeye hajui kungoja mtu, mama yake yuko chumba cha pili tangu azaliwe. Tukatembea mpaka nyumbani hatusemezani. Ilikuwa mara yetu ya kwanza. Tulipofika alinipikia chai akatia hiliki kupita kiasi, haikunyweka, nikainywa yote.

Mama, lini unakuja? Niambie siku. Ukiniambia siku nitakaa kitako.

Salhiya


Maskati
21 Januari 2025

Binti yangu,

Marahaba. Barua zako mbili ninazo. Nisamehe ukimya, Sumaiya alikuwa na homa, nikawa sitoki.

Rajabu hii haitawezekana. Baada ya mfungo Sumaiya ana mitihani, siwezi kumwacha. Labda kiangazi, au baada ya kiangazi.

Hilo shauri la mumeo nimelisikia. Anasema kwa wema, ila usiutoe mkaja. Uache hapo ulipo mpaka nije. Ile picha uliyonipelekea kwenye simu naitazama nikipumzika kushona. Nimeikuza mpaka nimehesabu nyuzi za zari. Nguo hiyo ni yangu, wewe mwenyewe umesema mbele ya watu, na mimi sina kitu chengine huko Unguja ambacho mtu anaweza kukionyesha akasema hiki ni cha Muzdalifa. Uache.

Dada ana moyo mpana. Atakuwa amechoka tu.

Mpe mumeo salamu. Chai ya hiliki nyingi ni dalili njema, wengine hawapiki hata maji.

Mama yako


Mkunazini
8 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Mkwe wangu ana kifua lakini anatembea. Jikoni tumeshaziba.

Nimekwenda Kiwengwa. Nilichagua siku za bamvua, bahari inapotoka mbali, na kweli nilimkuta majini, kanga kaikaza, anafunga mwani kwenye kamba. Bashira akaniona kwanza. "Mwambieni mwani usimchafue mwali wa mjini," akasema, na wenzake wakacheka. Nikavua viatu nikashuka. Mama Mkubwa akaniitikia shikamoo, akaniuliza hali, hali ya mume, hali ya mkwe, kila kitu kwa mpango wake, mikono inafunga haisimami. Nikashika kamba upande wa pili nimsaidie kama zamani. Akasema, "Acha, utaroa. Wewe umekuja kututembelea."

Tulipopanda nyumbani alitandika mkeka mpya. Akatoa vile vikombe vyenye ukingo wa buluu, vinavyokaa juu ya kabati. Mama, mimi nimekulia nyumba ile, nimekunywa uji kwa kata. Vikombe vile nilikuwa nakatazwa hata kuvipangusa, ni vya wageni. Akanitilia chai ndani yake, akanisogezea na kisahani.

"Mama Mkubwa, umenikasirikia."

"Nikukasirikie kwa lipi?"

"Kwa mkaja."

"Mkaja si wa mama? Na mama yako si yu hai?"

"Yu hai."

"Basi. Kunywa, isipoe."

Nilikunywa.

Bashira akanisindikiza barabarani. Akasema, "Mimi si msuluhishi, mimi nna mdomo tu. Mwatum hakujaaliwa mtoto. Harusi yako ndiyo yake ya kwanza na ya mwisho, umelifikiria hilo? Wiki ile nzima alikuwa anakuja kwangu uani nimfundishe kucheza. Mwatum yule, mgumu kama mwimo wa mlango, kiuno hakizunguki. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, naye anacheka, anasema nifundishe hivyo hivyo, nisiaibike na mkaja wangu. Halafu ukasema lako kutoka ndani." Kisha akaniambia gari ndiyo hiyo, nipande.

Nimeyasema haya kwa Nadir akanishika mikono yote miwili, hakusema "nilikwambia", na nikampenda zaidi ya nilivyofikiri inawezekana. Lakini situlii. Nashuka, napanda. Nikisimama mbele ya kabati lile naona mikono ya Mama Mkubwa iko kiunoni.

Mama, nataka jibu moja lisilo na labda. Unakuja au huji? Ukija, nitauacha mkaja ukungoje, na Mama Mkubwa nitampigia magoti. Usipokuja, niambie. Na huyo Sumaiya usiyeweza kumwacha hata wiki moja ni nani?

Salhiya


Maskati
24 Februari 2025

Salhiya, mwanangu,

Marahaba, na Mungu atufikishe Ramadhani salama. Mimi mzima.

Sumaiya ni binti yangu. Ana miaka minane. Ni mdogo wako. Baba yake ni mtu wa huku, niliolewa naye baada ya kukaa hapa muda. Mume huyo anajua nina dada Unguja. Hajui nina mtoto huko. Kwa nini hajui, hilo usiniulize, sitolijibu kwa barua wala kwa simu. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, una haki yako.

Siji. Si Rajabu, si kiangazi. Ulitaka neno lisilo na labda.

Mstari huo niliuandika asubuhi, na sasa ni baada ya alasiri ndipo nakaa tena. Nimeshona abaya nzima katikati, nimekosea mkono, nikaifumua.

Uutoe mkaja ukutani, umpelekee Dada. Nilikwambia ni wangu, na nilipokuwa naandika nilijua siyo. Niliutaka tu. Siku uliyozaliwa nilikuwa sina nguo ya kujifungia tumbo, Dada akachana kanga yake iliyokuwa mpya kabisa, akanifunga yeye, kwa goti, mpaka nikapiga kelele. Kisha akakubeba. Tangu hapo hasa hakukutua. Bashira anasema kweli, Dada hana harusi nyengine ya kungoja. Mimi ninayo. Mungu akinipa uhai, mkaja wangu nitaupata kwa Sumaiya.

Najua sentensi hiyo inakuuma. Nimejaribu kuiandika kwa namna nyengine, sikuiona.

Sijui kama ninyi mnasema mumeo ni mzuri kwa sura au kwa tabia. Kwa chai ile, nadhani kwa tabia. Kaa naye.

Mama yako


Mkunazini
6 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo, na sikukuu njema. Tumefunga salama, tumefungua salama. Shemsa amechumbiwa, na sasa yeye ndiye anayepanda dirishani, na mimi ndiye ninayemwambia akae kitako. Nadir anakusalimu. Ni kwa sura pia, mama, usimpunguzie.

Sikuandika mwezi mzima. Barua yako niliisoma kwenye ngazi, nikakaa pale pale katikati, sipandi sishuki, mpaka Nadir aliporudi akanikuta. Nilikukasirikia. Nakwambia ili usidhani mimi ni malaika. Nilikasirika nikipika futari, nilikasirika nikisali, nikaomba msamaha, nikakasirika tena. Kisha katikati ya hasira ikanijia kwamba nina mdogo wangu. Nilimpelekea salamu kama mtoto wa tajiri, na kumbe ana pua yangu labda.

Tulikwenda kuutoa mkaja kabla ya sikukuu. Nadir alifungua kioo. Bi Ulfat alinipa mkasi nikate nyuzi mwenyewe. Kibao nilikiondoa mimi. Tulipoukunjua nyumbani tukaona upande wa dirishani umepauka, zafarani imekuwa kama chai ya maziwa. Nililia. Nikataka tukanunue mwengine. Mkwe wangu akasema, "Huo ndio tuliouleta sisi. Mkaja hauletwi mara mbili. Mpelekee na hali yake."

Idi pili tukaenda Kiwengwa, mimi na Nadir na mkwe wangu. Mama Mkubwa alikuwa uani anakuna nazi. Nikapiga magoti nikauweka mapajani mwake, nikasema maneno niliyojifunza njia nzima, yakatoka nusu. Hakunitazama. Aliukunjua, akaupeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole pale palipopauka.

"Huu umepigwa jua."

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Hariri, Salhiya. Hariri mnaitundika dirishani? Nani kakufundisha? Mimi nguo zako za skuli nilikuwa nazianika wapi?"

"Kivulini."

"Kivulini. Halafu unaniletea kitu kama hichi mbele ya mkweo."

Akanigombeza mama, akanigombeza mpaka kuku wakatoka uani, hariri na jua na akili zangu na haya ziko wapi. Nadir alikuwa anaangalia chini akidhani mambo yameharibika. Mimi nilikuwa nasikia raha nisiyoweza kuieleza. Mgeni hagombezwi hivyo. Alipomaliza alikuwa ameshaufunga, juu ya kanga yake ya nyumbani yenye maziwa ya nazi, fundo kubavuni, upande uliopauka ameuweka mbele.

Bashira akaita wanawake. Hakukuwa na ngoma, walipiga sinia na ndoo. Akacheza. Kiuno kweli hakizunguki. Alicheza kama mtu anayekanyaga kamba za mwani asijikwae, uso mzito, anahesabu, na kila mtu analia kwa kicheko na kwa kilio. Mkwe wangu akamtuza leso. Nimekulia mikononi mwake na sikuwahi kumwona hivyo. Nilitaka uone. Nilitaka na nisitake, yote mawili.

Watu walipoondoka nikampa barua yako aisome mwenyewe. Alichukua muda. Akaikunja, akaniambia nikuandikie hivi: "Mkaja umenikaa." Nikamwuliza niongeze nini. Akasema, "Basi, atajua."

Sikuulizi tena lini unakuja. Sitokuuliza hata kwenye simu, usiogope kupokea.

Nilipokuwa nimeshavaa viatu mlangoni Mama Mkubwa akaniita. Alikuwa bado nao kiunoni, anafagia makumbi ya nazi. Akasema, "Muulize huyo mtoto anapenda kula nini."

Nijibu hilo, mama. Mama Mkubwa yuko Kiwengwa na kikapu tayari, na Mzee Ubwa anaondoka baada ya wiki mbili.

Salhiya